Lithiamu nameza, sonona haiondoki: niache dawa nibaki na mazungumzo?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mwalimu. Miaka mitatu iliyopita nilipewa dawa za sonona. Baada ya wiki chache nikawa silali, naongea bila kituo, natumia pesa ovyo, mwishowe nikalazwa. Ndipo nikaambiwa nina bipola aina ya kwanza, ule ugonjwa wa kupanda juu hadi mania na kushuka chini hadi sonona, nikaanzishiwa lithiamu. Mania haijarudi tangu hapo. Lakini huu ni mwezi wa nne niko chini. Naamka nimechoka, mwili mzito, kilo zimeongezeka, nasikia baridi wakati wenzangu wako sawa tu, na sioni raha ya chochote. Kinachonipa ahueni ni vikao vyangu vya kila wiki na mnasihi. Dada yangu mkubwa ananiuliza: kama mazungumzo ndiyo yanayokusaidia, vidonge vya nini? Naomba uniambie ukweli. Kwa sonona ya bipola, kipi kinatibu zaidi, dawa au mazungumzo? Na je, naweza kuacha lithiamu nikabaki na mnasihi?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Pole kwa miezi hii minne.

Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo lisiloweza kusubiri. Usiache lithiamu. Usiiache leo, wala usiipunguze kimya kimya ili uone itakuwaje. Mtu mwenye bipola aina ya kwanza akiikatisha lithiamu ghafla, hatari ya mania kurudi hupanda sana katika miezi ya mwanzo, na hatari ya kujiua hupanda nayo. Hata pale mimi na mgonjwa wangu tunapokubaliana kuiondoa kwa sababu ya msingi, tunaipunguza polepole kwa muda usiopungua wiki nne, na ikiwezekana miezi mitatu, huku tukionana mara kwa mara. Kwa hiyo jambo hilo liweke pembeni mpaka tumalize kuzungumza.

Sasa nimtendee haki dada yako. Hajakosea kila kitu. Ameona kwa macho yake kwamba unameza vidonge kila siku na bado uko chini, na kwamba siku za mnasihi unarudi nyumbani na uso mwingine. Hilo ni kweli. Alipoteleza ni pale alipodhani kwamba dawa zimejaribiwa kwa sonona yako zikashindwa. Kwa jinsi ulivyoandika, sonona yako hii ya sasa bado haijapewa dawa yake hata siku moja.

Nieleze. Lithiamu iliingia katika tiba ya akili mwaka 1949, pale daktari wa Australia, John Cade, alipochapisha habari za wagonjwa 10 wa mania aliowapa chumvi ya lithiamu. Tangu mwanzo, basi, nguvu yake ilionekana upande wa juu: kutuliza mania, na baadaye ikathibitika kwamba huzuia ugonjwa usirudi, na ushahidi wake wa kupunguza vifo vya kujiua ni mkubwa kuliko wa dawa nyingine yoyote ya bipola. Kumtoa mtu ndani ya sonona ambayo tayari imemkalia ni kazi nyingine, na hapo lithiamu haina nguvu ile ile. Kuna utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010 ambao uliwapa wagonjwa wa sonona ya bipola ama lithiamu, ama dawa iitwayo kwetiapini, ama vidonge visivyo na dawa ndani, kwa wiki nane. Kwetiapini ilifanya kazi. Lithiamu haikutofautiana vya kutosha na vidonge vitupu. Wapo wenzangu wanaosema kiwango cha lithiamu katika damu ya wagonjwa wale kilikuwa cha chini kidogo, nami nawaelewa, lakini hata hivyo ninachokiona kliniki ni hicho hicho. Ukiihukumu tiba ya dawa kwa kuitazama lithiamu peke yake, unamlaumu mlinzi wa lango la mbele kwa mwizi aliyepita dirisha la nyuma. Mlinzi wako amefanya kazi yake: miaka mitatu bila mania.

Na kabla sijagusa dawa nyingine, kuna neno moja katika barua yako lililonifanya niirudie mara mbili. Baridi.

Lithiamu inaweza kuidhoofisha tezi ya shingo, ile inayoitwa tezi dundumio, na wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume. Tezi hiyo ikilegea, mwili wote hupunguza mwendo: uchovu ambao usingizi hauutoi, kilo kuongezeka bila kula zaidi, choo kigumu, ngozi kukauka, akili kuwa nzito, na kusikia baridi wakati wengine hawaisikii. Mtu huyo akikaa mbele ya daktari mwenye haraka, ataandikiwa “sonona” na kupewa kidonge kingine. Mtu huyo huyo akikaa mbele ya mnasihi, atazungumza wiki baada ya wiki, atapata ahueni ya moyo, na asubuhi ataamka mzito vile vile, kwa sababu hakuna mazungumzo yanayoamsha tezi. Kipimo chake ni cha damu, kinaitwa TSH, na mtu anayemeza lithiamu anapaswa kupimwa kila baada ya miezi sita, pamoja na figo, kalisi na kiwango cha lithiamu chenyewe. Kama hukupimwa mwaka huu, hiyo ndiyo hatua ya kwanza, wiki hii. Tezi ikionekana imelegea, unaongezewa kidonge cha homoni ya tezi na lithiamu inaendelea. Sisemi kwamba ndiyo sababu yote ya hali yako. Nasema nisingekuandikia dawa yoyote ya sonona kabla ya kuliona jibu hilo.

Tuseme tezi iko sawa, au imetibiwa na wewe bado uko chini. Hapo dawa zipo, na si zile ulizopewa mwanzo. Kwetiapini ndiyo iliyochunguzwa zaidi. Katika utafiti wake mkubwa wa kwanza, uliochapishwa mwaka 2005, takriban 58% ya waliopewa dawa walipata nafuu ya nusu ya dalili zao au zaidi ndani ya wiki nane, dhidi ya 36% ya waliopewa vidonge vitupu, na tofauti ilianza kuonekana tangu wiki ya kwanza. Wengine walipewa miligramu 600 kwa siku, nazo hazikufanya vizuri kuliko miligramu 300, kwa hiyo usikubali kupandishwa bila sababu. Gharama yake kwa mwili ni usingizi mzito, kuongezeka uzito, na sukari na mafuta ya damu kupanda. Kwa kuwa kilo zinakusumbua, uliza kuhusu lurasidoni, ambayo huongeza uzito kidogo sana. Sharti lake imezwe pamoja na chakula cha kutosha, kwa sababu tumbo likiwa tupu sehemu kubwa yake hainyonywi. Lamotrijini nayo ni nzuri katika kuzuia sonona isirudi, na haileti kilo, ila inapandishwa taratibu sana, miligramu 25 kwa wiki mbili, kisha 50 kwa wiki mbili nyingine, kwa sababu ikipandishwa haraka inaweza kuleta upele wa hatari unaochubua ngozi na midomo. Upele wowote katika wiki za mwanzo, unarudi kwa daktari siku hiyo hiyo. Valproeti ningeikwepa kwako: ina madhara makubwa kwa mtoto aliye tumboni, na wewe uko katika umri wa kuzaa.

Dawa za kawaida za sonona, za aina ile iliyokupandisha juu, usizimeze peke yake tena. Hata zikiongezwa juu ya dawa za kudhibiti mihemko, faida yake ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2007 mradi mkubwa wa Marekani ulioitwa STEP-BD ulitoa matokeo ya wagonjwa 366: nusu waliongezewa dawa ya sonona, nusu kidonge kitupu, wote wakiwa kwenye dawa zao za kudhibiti mihemko. Waliopona na kubaki wamepona walikuwa 23.5% kwa waliopewa dawa na 27.3% kwa waliopewa kidonge kitupu. Nimewahi kuwasomea wagonjwa takwimu hizo wakaniuliza kama nimezigeuza. Sijazigeuza.

Mradi huo huo, mwaka huo huo, ndio uliotupa jibu bora zaidi kuhusu mazungumzo, na hapa nakuomba usome kwa makini kwa sababu wengi huusoma nusu. Wagonjwa 293 waliokuwa ndani ya sonona ya bipola waligawanywa. Kundi moja lilipata vikao vitatu vifupi vya kuelezwa ugonjwa. Kundi jingine lilipata tiba kamili ya mazungumzo, hadi vikao 30 katika miezi tisa: ama ya kushughulikia fikra na matendo, ama ya mahusiano na mpangilio wa siku, ama ya pamoja na familia. Mwaka ulipoisha, waliopona katika kundi la tiba kamili walikuwa 64%, na katika kundi la vikao vitatu 52%. Tena walipona mapema zaidi. Kwa ugonjwa huu, hiyo ni faida kubwa. Dawa ya sonona iliyoongezwa katika mradi ule ule haikuipata.

Nusu isiyosomwa ni hii: wagonjwa wale walikuwa wakimeza dawa. Karibu tafiti zote zinazosifu mazungumzo kwa bipola zilifanywa hivyo. Kwa hiyo ushahidi tulio nao hausemi “mazungumzo badala ya dawa”. Unasema “dawa na mazungumzo hushinda dawa na maelezo mafupi”. Kwa bipola aina ya pili, ambapo mtu hafikii mania kamili, timu ya watafiti wa Pittsburgh, Marekani, imejaribu tiba ya mpangilio wa siku bila dawa kwa vikundi vidogo na kuona wengine wakipata nafuu. Nayaheshimu majaribio hayo. Lakini wewe si aina ya pili. Wewe ulilazwa. Simjui mtu makini katika fani hii ambaye angekuacha na mazungumzo matupu.

Basi mnasihi wako anafanya nini hasa, ambacho kidonge hakiwezi? Ngoja nikuonyeshe kwa karibu, maana maneno “tiba ya mazungumzo” huwafanya watu wafikirie kulia kwenye kiti na kupewa kitambaa.

Nilikuwa na mgonjwa, nimebadilisha yanayomtambulisha, aliyekuwa akija na daftari la mistari. Kila siku aliandika mambo matano: saa aliyotoka kitandani, saa aliyozungumza na mtu wa kwanza, saa aliyoanza kazi, saa aliyokula chakula cha jioni, saa aliyoingia kulala. Pembeni aliweka alama ya hali ya moyo, kuanzia hasi tano hadi chanya tano. Mambo hayo matano hayakuchaguliwa ovyo. Ni nguzo ambazo mtafiti Ellen Frank na wenzake wa Pittsburgh waliijengea tiba yao, kwa hoja kwamba mwili wa mwenye bipola una saa ya ndani inayoyumba upesi, na ratiba ikivurugika, moyo huifuata. Siku moja mnasihi wake alifungua ukurasa wa wiki hiyo. Jumanne amelala saa tano usiku. Jumatano saa saba. Alhamisi saa tisa. Safu ya moyo ilisomeka sifuri, sifuri, sifuri. Mgonjwa mwenyewe alisema yuko sawa, tena ana mawazo mazuri ya kazi, ndiyo maana anachelewa. Mnasihi hakubishana naye. Aliweka kidole kwenye zile saa tatu, akamwuliza, “Mara ya mwisho ulipolazwa, usingizi ulianza kupungua siku ngapi kabla?” Yule bwana alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Nne.” Mchana huo alikuwa ofisini kwangu, tukarekebisha dawa yake ya usiku kwa wiki mbili, akalala, yakaisha.

Dawa isingeona zile saa tatu. Mnasihi aliziona, lakini asingeweza kumlaza usingizi kwa maneno.

Upande wa sonona kazi huonekana ndogo zaidi, ndiyo maana watu huidharau. Mtu aliye chini husubiri ajisikie vizuri ndipo aamke. Mnasihi mzuri humgeuzia: amka saa ile ile hata kama hujisikii, kaa kwenye mwanga, zungumza na mtu mmoja, halafu tuone. Kisha kuna mambo ambayo hayana kidonge kabisa: aibu ya yale uliyoyasema ukiwa juu, madeni, wanafunzi waliokuona, hofu ya kila siku njema kwamba huenda ndiyo mwanzo wa mania, na majonzi ya kugundua ukiwa na miaka 31 kwamba utameza dawa kwa muda mrefu. Nimewaona watu ambao damu yao ilikuwa na lithiamu ya kutosha na maisha yao hayakuwa na kitu kingine. Nawalaumu hapa wenzangu, nikiwemo mimi wa miaka ya mwanzo: dakika kumi, cheti cha dawa, “tuonane baada ya miezi mitatu”. Huko siko kutibu bipola.

Kuna sababu nyingine ya kutoahirisha mazungumzo. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2006 uliowafuatilia wagonjwa 253 haukuona faida ya tiba ya fikra na matendo kwa jumla, ila ilipochambuliwa zaidi, waliowahi kuugua vipindi visivyofika dazeni moja walionekana kufaidika, na wale wa vipindi vingi hawakufaidika. Wewe una vipindi vichache. Huu ndio wakati wako.

Lakini pia kuna siku ambapo mazungumzo hayaingii. Mtu anapokuwa ndani kabisa ya sonona nzito, akili huenda polepole, anasahau kilichosemwa dakika tano zilizopita, anatoka kwenye kikao akijiona ameshindwa hata kuongea. Huyo apewe dawa kwanza, na kama hali ni mbaya mno, amekataa chakula au anaona na kusikia yasiyokuwepo, tiba ya umeme chini ya usingizi wa dawa inafanya kazi haraka na kwa nguvu kuliko watu wanavyoiogopa. Wewe bado unafundisha na unakumbuka vikao vyako. Hujafika huko.

Nirudi kwa dada yako. Mwite kwenye kikao. Nasema hivyo kwa uzito wote, kwa sababu tiba ya pamoja na familia, ya vikao 21 katika miezi tisa kama mwanasaikolojia David Miklowitz alivyoipanga, ni miongoni mwa zile tatu zilizofanya vizuri katika STEP-BD. Ndani yake ndugu hufundishwa ugonjwa wenyewe, mnaandika pamoja dalili zako za mwanzo za kupanda na za kushuka, na mnajifunza kuombana jambo bila lawama. Mtu anayekuuliza “vidonge vya nini?” ni mtu anayekutazama kila siku. Afadhali ajue cha kutazama.

Utakapokwenda kwa daktari wako, mwombe TSH, figo, kalisi na kiwango cha lithiamu, damu itolewe saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Kwa wengi tunalenga kati ya 0.6 na 0.8 (milimoli kwa lita ya damu); kama wewe uko chini ya hapo, kuna nafasi ya kupandisha kidogo kabla ya kuongeza dawa ya pili. Mwambie wazi kwamba ulishapandishwa juu na dawa za sonona, hata kama imeandikwa kwenye faili. Mwambie kuhusu kilo, na usione haya. Mwambie kama unatarajia kupata mtoto. Na maumivu yakikupata, usijinunulie ibuprofeni wala diklofenaki: huweza kupandisha lithiamu kwenye damu hadi kiwango cha sumu, kama vile kuharisha, kutapika au kukaukiwa maji kunavyofanya. Parasetamoli ni salama zaidi kwako. Kisha umwombe yeye na mnasihi wako wapeane namba za simu, kwa ridhaa yako. Nimeona tiba ikiharibika mara nyingi zaidi kwa sababu wawili hao hawajawahi kuzungumza kuliko kwa sababu ya dawa mbaya.

Jambo moja hukuliandika, nami siwezi kuacha kuliuliza. Katika miezi hii minne, umewahi kutamani usiamke, au kufikiria njia ya kujidhuru? Kama jibu ni ndiyo, usisubiri miadi. Nenda hospitali iliyo karibu leo, mwambie dada yako mkubwa akusindikize, na vidonge vyako avitunze yeye, akikupa vya siku chache chache, kwa sababu lithiamu nyingi kwa mpigo ni sumu kali. Kumwambia mnasihi pia hakutakuongezea wazo hilo kichwani. Wengi hupumua vizuri zaidi wakishalitamka.

Majibu ya TSH yakitoka, niandikie namba iliyoandikwa pale, pamoja na kiwango cha lithiamu. Hapo ndipo nitaweza kukuambia kama tunaizungumzia sonona ya bipola, au tezi, au vyote viwili kwa pamoja.